Mafundi wa taa waliokuja na kipimo: tathmini ya huduma niliyoipata Dodoma

Ofisi yetu ya uhasibu ipo Area C, na madirisha yake makubwa yanatazama magharibi, upande ambao jua la Dodoma hutuandama kuanzia saa tisa alasiri. Darini kulikuwa na taa sita za paneli zenye mwanga wa kelvini 6,500 (kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga), mweupe unaoelekea ubuluu, zilizopangwa kwa safu nadhifu bila kujali meza zilipo, na kila jioni kulikuwa na mtu anayelalamikia kichwa.

Kampuni tuliyoiita, ambayo sitaitaja kwa kuwa nina lawama nayo, ilifanya jambo ambalo sikuwahi kuona fundi umeme akilifanya: ilikuja na kipima mwanga na kukiweka juu ya kila meza. Kiwango kinachotumiwa sana kwa kazi ya kusoma, kuandika na kompyuta ni luksi 500 mezani, luksi ikiwa kipimo cha mwanga unaofika juu ya kitu. Meza yetu ya katikati ilipita 900, ilhali ya pembeni haikufika 250. Kumbe tatizo halikuwa uchache wa taa, na kwa heshima yao hawakutuuzia hata moja ya ziada. Waliziondoa mbili, wakazisogeza nne zilizobaki juu ya meza zenyewe, wakaweka balbu za kelvini 4,000, mweupe usioelekea ubuluu, na vifuniko vya ukungu ili jicho lisikutane na chanzo cha mwanga. Meza nazo ziligeuzwa, skrini zikawa ubavuni mwa dirisha, kwa sababu skrini inayolipa dirisha mgongo humlazimisha mtu kukodolea jua, na inayolitazama hurudisha mng'ao wake usoni. Walituagiza pia tufute vifuniko mara kwa mara. Kwa vumbi la hapa kiangazi, ushauri huo si wa kupuuza.

Lawama yangu ni swichi. Makubaliano yaliandikwa kwamba taa za upande wa dirisha zitakuwa na swichi yake, ili zizimwe mchana jua likitosha, lakini zote ziliunganishwa kwenye swichi moja, na marekebisho yalichukua wiki tatu za kupigiana simu.

Chumba cha mikutano bado kina taa za zamani. Nitawaita wao tena, ila malipo ya mwisho yatatoka baada ya mimi mwenyewe kuwasha na kuzima kila swichi.