Nililipia kasri la maaskofu wa Wells, nikaonyeshwa bata

Sitapanda tena basi la kampuni ile. Jina lao nalihifadhi, lakini hasira siihifadhi. Imepita miezi kadhaa na bado nikipita pale wanapopakia abiria hapa Bristol moyo unanichemka.

Mimi ni mwashi. Nimejenga Tanga miaka mingi, na sasa najenga huku Uingereza. Nilipoona wanauza safari ya siku moja ya "historia ya kasri la maaskofu" kule Wells, nilikata tiketi mbili palepale, yangu na ya mke wangu. Tulipofika, mtembezaji akatusimamisha kando ya handaki la maji. Bata maji wakubwa weupe wanavuta kamba, kengele inalia, wanapewa chakula. Kweli wanafanya hivyo, na wa kwanza walifundishwa na mabinti wa askofu mmoja katika karne ya 19. Inapendeza. Lakini dakika arobaini?

Nyuma yetu umesimama ukuta wa Askofu Ralph wa Shrewsbury, wa karne ya 14, na lango lenye minara, na yule kijana hakusema hata neno moja askofu alimwogopa nani. Aliwaogopa watu wa mji wake mwenyewe! Walikuwa wamegombana, akaomba kibali cha mfalme ajizungushie ngome, na maji ya chemchemi za palepale yakaelekezwa yamzunguke. Handaki lilichimbwa kwa hofu. Bata wa kengele wamekuja miaka mia tano baadaye.

Ndani tuliingia mbiombio. Tukafika kwenye Ukumbi Mkubwa wa Robert Burnell, askofu aliyekuwa pia chansela, yaani waziri mkuu, wa Mfalme Edward I. Aliujenga mwishoni mwa karne ya 13, takriban meta 35 kwa 18. Leo umebaki ukuta wa upande mmoja na minara ya pembeni, na yale madirisha marefu hayana kitu nyuma yake ila mawingu. Nilisimama nikasahau hata baridi. Nikamwuliza kijana kwa adabu, "Samahani, paa lake liliondokaje?" Akanipa mgongo. "Ni la zamani, limeanguka. Twendeni, basi linasubiri." Mke wangu akanishika mkono nisijibu.

Ndugu zangu, ukumbi ule haukuanguka! Katika karne ya 16 madini ya risasi yaliyofunika paa yaling'olewa. Ukuta ukivuliwa paa, maji huingia kwa juu, chokaa inalainika, baridi inapasua mawe, na hapo hakuna fundi wa kuokoa. Kisha katika karne ya 19 Askofu Law akabomoa sehemu nyingine ili magofu yapendeze bustanini. Ni mikono ya watu. Kusema limeanguka lenyewe ni kumsingizia mwashi aliyelijenga.

Nilirudi Jumamosi moja peke yangu, kwa basi la kawaida, nikakaa kutwa. Chumba cha chini cha Askofu Jocelin, aliyeanza ujenzi mwanzoni mwa karne ya 13, kina nguzo katikati na dari ya matao, na nilihesabu mawe ya tao moja mpaka shingo ikauma. Nje nikatafuta pale kazi ya zamani inapoishia na ghorofa ya juu ya msanifu majengo Benjamin Ferrey, ya miaka ya 1840, inapoanzia. Nilimkumbuka pia Askofu Kidder na mkewe, walioangukiwa na mabomba ya moshi usingizini katika dhoruba kuu ya 1703. Hayo yote yalikuwa hatua chache tu kutoka kwa bata.

Nilianza kuandika nikitaka kuwaambia msiende Wells. Nafuta. Nendeni, na mkienda anzeni na ukumbi wa Burnell. Na yule kijana, pengine bosi wake ndiye aliyempa saa moja na nusu kwa kila kitu, pengine naye hajawahi kufundishwa. Nilitaka kumsamehe. Lakini kutojua si kosa. Kunipa mgongo ni kosa, na hilo halikutoka kwa bosi.

Kasri nyota tano. Kampuni nilikuwa nimewapa mbili, kwa ajili ya dereva, mtu muungwana aliyemsaidia mke wangu kushuka. Nimepunguza moja.