Kuonja mvinyo mwekundu viwandani mkiwa wawili: huduma ipi inafaa na ipi muiache

Ratiba nyingi za ziara za mvinyo hubana viwanda vitano au sita ndani ya siku moja. Kwa mvinyo mweupe mtu anaweza kujikaza. Kwa mwekundu ratiba hiyo ni hasara, na kosa lake linaanzia mdomoni. Tanini, yaani kile kinachoupa mvinyo mwekundu ukakasi, hutoka kwenye maganda na kokwa za zabibu, na nyingine kwenye mbao za pipa. Ikifika mdomoni hushikamana na protini za mate. Mate yanapoteza utelezi, fizi zinakaza, ulimi unakuwa kama umelamba ndizi mbichi. Ukakasi huo hauishi funda linapopita, bali unalimbikizana. Ndiyo maana kiwanda cha tano, hata kiwe bora kuliko vyote, huonekana kina mvinyo mchungu. Viwanda vitatu kwa siku, dakika 60 hadi 90 kila kimoja, cha kwanza mkikianza saa nne na nusu asubuhi mdomo ungali mwepesi: hicho ndicho kipimo tunachokitetea.

Kuna na hesabu ya kilevi. Kiasi kinachomiminwa kwa kuonja ni kama mililita 30. Mivinyo sita ni mililita 180, zaidi ya glasi nzima ya mezani, na viwanda vitatu ni mililita 540, zaidi ya thuluthi mbili za chupa ya mililita 750. Mvinyo ukiwa na kilevi cha asilimia 14, hapo kila mmoja wenu amekunywa takriban gramu 60 za alkoholi tupu. Hapa ndipo wawili wanapokuwa na nafasi asiyokuwa nayo mtu aliye peke yake: agizeni seti moja mgawane glasi. Wote wawili mnanusa mililita 30 zilezile, kisha kila mmoja anapata funda moja la maana. Ulizeni mapema kama kugawana kunaruhusiwa, kwani baadhi ya viwanda hutoza kwa kichwa hata glasi ikiwa moja.

Ndoo ya kutemea itumieni bila haya. Wanaofanya kazi ya kuonja hutema siku nzima, na mhudumu anayejua kazi yake atawaheshimu zaidi kwa hilo. Lakini kutema hakumfanyi mtu afae kushika usukani, maana kila funda huacha kiasi kinachomezwa. Ufaransa, Uhispania, Italia na Afrika Kusini kikomo cha dereva wa kawaida ni gramu 0.05 za alkoholi katika mililita 100 za damu. California ni 0.08. Kodini gari lenye dereva, na kabla ya kulipa ulizeni swali moja: viwanda tunachagua sisi? Gari lenye vituo vyake vilivyopangwa tayari mara nyingi huwapeleka penye maegesho mapana na duka kubwa la zawadi.

Tukija kwenye huduma zenyewe, ya kaunta ndiyo dhaifu kuliko zote. Mnasimama, mhudumu anahudumia watu wanane kwa mpigo, na chupa inayomiminwa huenda ilifunguliwa jana yake. Mvinyo uliokaa wazi hupoteza kwanza harufu ya matunda, kisha huanza kunukia kama tofaa lililopondeka. Ulizeni chupa ilifunguliwa lini. Jibu la kweli na chupa mpya vikija pamoja, mko mahali pazuri. Jingine ni joto. Mvinyo mwekundu mzito huonjwa vizuri ukiwa kati ya nyuzi 16 na 18, na mwepesi kama Pinot Noir hata nyuzi 14. Chupa iliyoshinda juu ya kaunta kwenye chumba cha nyuzi 26 itawapa kilevi kinachochoma puani, na mtadhani mvinyo ndio mbaya. Ombeni iwekwe kwenye ndoo ya maji na barafu dakika kumi. Hakuna ubaya wowote kuomba hivyo.

Huduma ya mezani, yenye nafasi iliyowekwa mapema, ni bora kwa mbali, ila ubora wake unategemea seti mnayochagua. Seti ya "mivinyo yetu mashuhuri" hukusanya vitu visivyohusiana na haiwafundishi chochote. Chagueni seti yenye jambo moja tu linalobadilika. Rioja, Uhispania, hilo ni rahisi kwa sababu lebo zenyewe zimegawanywa kwa umri: Crianza hukaa miaka 2, ikiwamo angalau mwaka 1 ndani ya pipa, Reserva miaka 3, nayo angalau mwaka 1 ndani ya pipa, Gran Reserva miaka 5, ikiwamo angalau 2 ndani ya pipa. Zikikaa tatu mbele yenu, za kiwanda kimoja, mtaona tunda bichi likigeuka tunda kavu, na kavu likielekea ngozi na tumbaku. Kwenye Barolo, Italia, ambako sheria inataka miezi 38 ikiwamo 18 kwenye mbao, ombeni mvinyo uleule wa miaka tofauti. Stellenbosch, Afrika Kusini, kuna Pinotage, zabibu iliyozalishwa mwaka 1925 na Abraham Perold kwa kuchanganya Pinot Noir na Cinsaut. Huko ombeni moja iliyokaa kwenye pipa na nyingine isiyokaa, kwa kuwa pipa linaweza kuifunika zabibu hiyo kabisa.

Lakini kama mna uwezo wa kulipia huduma moja tu ya ziada katika ziara nzima, iwe ya kuonja kutoka kwenye pipa. Mfanyakazi anang'oa kizibo kikubwa kilicho juu ya pipa, anazamisha mrija wa kioo, anaziba tundu la juu kwa kidole gumba na kuuchomoa ukiwa umejaa. Kisha analegeza kidole, na mvinyo unachuruzika kwenye glasi ukiwa wa zambarau iliyokolea, na ukingo wake bado una rangi ya waridi. Pipa la kawaida la Bordeaux hubeba lita 225, sawa na chupa 300. Msiishie kuonja pipa moja. Ombeni mvinyo uleule kutoka pipa jipya na kutoka pipa lililotumika mara tatu, au kutoka mwaloni wa Ufaransa na wa Marekani kama wanayo yote mawili. Wa Ufaransa huelekea kwenye karafuu na moshi mwepesi, wa Marekani huelekea kwenye vanila na nazi. Zabibu ni zilezile, shamba ni lilelile, na tofauti inasikika kwa funda mbili tu.

Huduma hiyo ina mitego yake. Chumba cha mapipa huwa na nyuzi kama 12 hadi 15, kwa hiyo bebeni sweta, na kumbukeni kwamba ubaridi huongeza ukakasi. Shikeni tumbo la glasi kwa viganja viwili kwa dakika moja kabla ya kuonja. Mahali pengine popote glasi hushikwa shina, hapa joto la mkono ndilo mnalolihitaji. Pia mvinyo mchanga huenda haujamaliza uchachushaji wake wa pili, ule ambao bakteria hugeuza asidi kali ya malaki kuwa asidi laini ya laktiki. Kabla ya hapo una uchachu wa tofaa bichi na vipovu vidogo. Mvinyo usihukumiwe kwa hilo. Wanunuzi wanaokwenda Bordeaux majira ya kuchipua kuonja mavuno ya msimu uliotangulia hufuatilia uzito wa tanini, urefu wa ladha na mlingano wake. Ulaini hawautarajii bado.

Mezani au pipani, namna ya kuonja ni ileile. Glasi isijazwe kupita thuluthi moja. Inamisheni juu ya karatasi nyeupe na mtazame ukingo, si katikati: ukingo wa zambarau ni ujana, wa rangi ya tofali ni umri. Mvinyo wa miaka miwili wenye ukingo wa kahawia una tatizo. Nuseni kabla ya kuzungusha, kisha zungusheni, nuseni tena. Chukueni funda la mililita kumi hivi, lizungusheni mdomoni mkivuta hewa kidogo, temeni, kisha hesabuni ladha inadumu sekunde ngapi.

Mkiwa wawili kuna kosa moja linaloharibu karibu kila ziara: mmoja kusema kwanza. Mmoja akitamka "nasikia cheri", pua ya mwenzake nayo inatafuta cheri na kuipata, na kuanzia hapo mna pua moja badala ya mbili. Kila mmoja awe na daftari lake. Andikeni kimya mistari mitatu, yaani harufu, ukakasi na muda wa ladha, pamoja na alama kati ya 20, ndipo mfunue. Pale mnapotofautiana kwa alama zaidi ya nne, onjeni tena. Mara nyingi mmoja wenu ana hisia kali zaidi kwa uchungu au kwa kilevi, na mkijua hivyo mapema mtanunua kwa busara zaidi.

Kasoro nazo mzijue, kwa sababu hata kiwanda kizuri hutoa chupa mbovu, na mhudumu mwenye haraka huenda hakuinusa. Harufu ya boksi lililolowa ni ugonjwa wa kizibo; haiondoki, ombeni chupa nyingine. Harufu ya yai viza au kiberiti kilichowashwa ni ukosefu wa hewa, na mara nyingi huondoka mkizungusha glasi kwa dakika mbili tatu. Harufu ya siki au ya dawa ya kufutia rangi ya kucha ikizidi tunda, mvinyo umeharibika. Harufu ya zizi la farasi hutoka kwa chachu iitwayo Brettanomyces. Ikiwa kidogo, kuna wanaoipenda; sisi tunaona hufunika kila kitu kingine.

Asubuhi ya ziara achaneni na manukato, mafuta ya kupaka yenye harufu na rangi ya mdomo. Dawa ya meno ipite saa nzima kabla ya funda la kwanza. Maji na mkate mtupu vinasafisha mdomo. Jibini linapunguza ukakasi na kuuficha mvinyo dhaifu, kwa hiyo liliwe baada ya kuonja.

Kuhusu msimu, mavuno ni Septemba na Oktoba kaskazini mwa dunia, na Februari hadi Aprili kusini. Wakati huo mtaona maganda yakielea juu ya tangi kama kifuniko kinene na wafanyakazi wakiyazamisha mara mbili tatu kwa siku ili rangi na tanini zitoke. Kinachopungua ni muda wenu na mtengeneza mvinyo. Msiiname juu ya tangi linalochachuka: gesi ya kaboni dioksidi inayokaa juu yake inaua. Anayetaka mazungumzo marefu aende miezi miwili mitatu baadaye.

Kununua kufanyike mwishoni, baada ya maji na mapumziko mafupi, mkiomba kuonja tena ule mmoja mliouchagua. Mvinyo mwingi huanguka kwenye mtihani huo wa pili. Uanachama wa kupokea chupa kila msimu msiutie saini pale mezani. Chukueni fomu, msome ni chupa ngapi kwa mwaka, nani anachagua, na kujitoa kunafanywaje. Ndani ya gari lililoegeshwa juani joto huweza kupita nyuzi 40, mvinyo unavimba na kusukuma kizibo, hivyo chupa zisiachwe humo, zisafiri pamoja nanyi kwenye kiti cha nyuma, chini ya kivuli. Kwenye ndege mara nyingi haziruhusiwi mkononi, kwa kuwa kikomo cha kawaida cha vimiminika ni mililita 100. Chupa iliyojaa ina uzito wa kilo 1.2 hadi 1.5, kwa hiyo chupa sita pamoja na nguo za kuzifungia zinakula kilo tisa hivi za begi la kilo 23. Mkifika zilazeni mahali penye giza na ubaridi usiobadilika, na zile kongwe zisimamisheni siku nzima kabla ya kuzifungua ili mashapo yatue chini.