Linux 6.1 LTS kwenye laptopu ya zamani: naipa alama za juu

Jamani kama una laptopu ya zamani yenye RAM ya GB 2 usikimbilie keneli (kiini cha mfumo wa kompyuta) mpya kabisa, chukua Linux 6.1 LTS, yaani toleo linalotunzwa kwa muda mrefu, ile iliyotoka Desemba 2022 na ndo inayokuja na Debian 12, mfumo endeshi wa Linux. Imetulia sana, waifai inashika, ukifunga kifuniko inalala na ukifungua inaamka bila kugoma, na kwa mashine iliyochoka hiyo ndo kazi ngumu kuliko zote.

Raha yenyewe ipo kwenye kuikonfigi mwenyewe, yaani kuchagua vipande vya keneli unavyovihitaji kabla ya kuijenga. Chomeka kwanza kila kitu unachotumiaga, flashi, modemu, hedfoni za USB, alafu ndo upige make localmodconfig, maana hiyo komandi inaangalia moduli (vipande vya keneli kama draiva) zilizopakiwa muda huo tu na zingine inazizima, sasa kama modemu haikuwepo draiva yake inaweza isiwemo. Washa na zram, inabana data humohumo kwenye RAM badala ya kukimbilia diski, na kama diski yako ni ile ya kuzunguka utaona tofauti kubwa mno. Keneli ya mwanzo usiifute, iache kwenye GRUB, ile menyu ya kuchagua keneli mashine ikiwaka.

Kinachoniuma ni wenye prosesa za biti 32. Debian 13 ya 2025 imekuja bila keneli wala instola ya i386, yaani ya hizo prosesa za biti 32, kwa hiyo nyie bakini na 12, na zile Pentium M zisizo na PAE (uwezo wa prosesa ya biti 32 kutumia RAM zaidi ya GB 4) chagueni keneli ya 686 ya kawaida, sio 686-pae.