Vitabu vinne kuhusu vijana na vita: kipi kianze, kipi kisubiri

Habari zenu watazamaji, karibuni. Mezani leo kuna vitabu vinne, na vyote vinahusu vijana waliopita katikati ya vita au waliowindwa kwa sababu ya asili yao. Tunavichambua kwa ajili ya walimu, wazazi, na nyinyi mnaoongoza vilabu vya kusoma, iwe Kampala, Gulu, Hoima, au kwenye makazi ya wakimbizi kama Nakivale, Kyangwali na Bidi Bidi. Ndiyo maana hatutaishia kusema kitabu ni kizuri au kibaya. Tutasema kinafaa umri gani, kisomwe kwa utaratibu upi, na ni wapi kinaweza kumuumiza msomaji ambaye mambo hayo ameyaona kwa macho yake.

Kwanza kipimo chetu. Kitabu cha namna hii usikipime kwa maiti wala kwa milio ya bunduki. Chukua penseli, soma kurasa 30 za mwanzo, na kila kijana anapoamua jambo mwenyewe weka alama pembeni. Kunyamaza ni uamuzi. Kubadili njia, kugawana maji, kumficha mdogo wako, kushika jina la kijiji chako usilisahau, yote hayo ni maamuzi. Ukifika ukurasa wa 30 ukakuta alama mbili tatu, na mengine yote ni mambo anayotendewa, basi kitabu hicho kinamhurumia mtoto lakini ujasiri wake hakijauona. Vitabu vingi vya vita huangukia hapo, hasa vile ambavyo mtu mzima mwokozi anakuja na kuchukua hadithi yote.

Hapa Uganda tumekua na habari za Kizito, mdogo kuliko mashahidi wote Wakatoliki wa Uganda, aliyechomwa Namugongo kwa ajili ya imani yake tarehe 3 Juni 1886 akiwa na umri wa miaka kama 14. Ni ujasiri mkubwa, na kila Juni watu hutembea kwa miguu siku nyingi kwenda kuuheshimu. Lakini kijana aliyefundishwa mfano huo peke yake anaweza kuamini kwamba aliyekimbia, aliyejificha, aliyetii ili asiuawe, huyo hakuwa jasiri. Vitabu vya leo vinazungumzia ujasiri wa kubaki hai, na darasa letu linauhitaji sana.

Tuanze na Waiting, riwaya ya Goretti Kyomuhendo iliyotoka mwaka 2007. Mwandishi ni mzaliwa wa Hoima, na hadithi imewekwa hukohuko mwaka 1979, wakati utawala wa Idi Amin unaporomoka na askari wake wanakimbia huku wakipora na kuua njiani. Anayesimulia ni Alinda, msichana wa miaka 13. Kampala iko mbali, mapambano makubwa hatuyaoni. Tunachokiona ni familia inayosubiri. Kaka yake, Tendo, yuko juu ya mwembe akilinda. Usiku wanalala shambani kwenye migomba kwa kuhofia kukutwa nyumbani. Mama yao ni mjamzito, na siku zake zimekaribia.

Kwa kipimo chetu cha penseli, kitabu hiki kinapasi vizuri sana. Alinda hashiki silaha hata mara moja. Anafanya kazi za nyumbani, anasikiliza wakubwa wakinong'ona, anajifunza kusoma hofu kwenye nyuso zao, na mama anapofariki baada ya kujifungua, mzigo wa kichanga unaangukia mikononi mwa watoto na majirani. Kyomuhendo anaandika kwa sentensi fupi, hapambi. Kifo kinapita katika aya moja, na aya inayofuata ni chakula. Wapo wasomaji wanaolalamika kwamba hisia hazitoshi. Sisi tunaona hapo ndipo ustadi wake ulipo: mtoto katika hatari hana nafasi ya kueleza hisia, ana nafasi ya kuchota maji.

Mwongozaji ajue mambo mawili. La kwanza, majina na mahusiano hayaelezwi mapema, na msomaji wa S.1 (kidato cha kwanza) hupotea kwenye sura ya kwanza, halafu anakifunga kitabu. Dawa yake ni rahisi: kabla ya kuanza, chora ubaoni mti wa familia wenye Alinda, Tendo, mdogo wao Maya, mjomba Kembo na bibi Kaaka, kisha pembeni majirani kama Nyinabarongo na mwanamke Mlendu. Dakika kumi zinatosha. La pili linatuhusu sisi tunaosoma na kujadili kwa Kiswahili. Kwa wazee wengi wa Uganda, Kiswahili cha miaka ile kilikuwa sauti ya askari mlangoni. Waliokuja kumwondoa Amin kutoka Tanzania, na walioingia Kampala tarehe 11 Aprili 1979, nao walikuwa wakizungumza Kiswahili. Mwanachama wa kilabu akisema bibi yake haipendi lugha hii, usimkatishe na usimsahihishe. Mwache aseme, kwa sababu hapo ndipo kitabu kinapofungua mdomo wa nyumba nzima. Umri: kuanzia miaka 14. Ni kitabu chembamba, na wiki nne kwa kikao kimoja kila wiki zinatosha.

Cha pili ni A Long Walk to Water cha Linda Sue Park, cha mwaka 2010. Hiki ndicho tungeanza nacho kwa kilabu kipya, na ndicho kinachohitaji uangalifu kuliko vyote kwenye makazi ya wakimbizi wa Sudan Kusini. Kinafuata watoto wawili. Salva Dut ni mtu halisi: mwaka 1985 ana miaka 11, yuko darasani kusini mwa Sudan, risasi zinalia, mwalimu anawaambia wakimbilie porini, wasielekee nyumbani. Nya ni wa kubuni: mwaka 2008, anatembea kila siku kwenda na kurudi bwawani kuchota maji. Sura ni 18. Kila sura inafunguliwa na kipande kifupi cha Nya, kisha inamfuata Salva hadi Ethiopia, hadi kambi ya Itang, kisha mwaka 1991 mto Gilo ambako vijana wanasukumwa majini penye mamba huku wakipigwa risasi, kisha kambi ya Kakuma, Kenya, kabla ya kuhamia Marekani. Katika safari ya Kenya, Salva ambaye bado kijana anaongoza kundi la wavulana wapatao 1,500 kwa mwaka mmoja na nusu, na zaidi ya 1,200 wanafika.

Kitu cha thamani kubwa humu ni mbinu. Jangwani Salva anataka kukata tamaa, na mjomba wake Jewiir hamhubirii. Anamwonyesha kichaka kilicho mbele na kumwambia atembee hadi pale tu. Wakifika, anamwonyesha kingine. Baadaye Salva anautumia utaratibu huohuo kuongoza wenzake bila mtu mzima. Kijana anayesoma anaondoka na kitu anachoweza kukitumia kesho, na ni vitabu vichache vya vita vinavyompa hivyo.

Sasa hatari. Karibu na katikati ya kitabu, mjomba Jewiir anauawa na wanaume Wanuer, na Salva ni Mdinka. Kama kwenye chumba mna vijana wa pande zote mbili, na kwenye makazi ya Adjumani au Kiryandongo mnao, kikao kisiishie hapo kwa hali yoyote. Kikiishia hapo, kijana Mnuer anarudi nyumbani akiwa amebebeshwa damu, na wiki ijayo harudi. Tutafichua mwisho kwa makusudi, maana mwongozaji lazima aujue: Nya ni Mnuer, na mtu anayekuja kuchimba kisima kijijini kwao ni Mdinka, naye ni Salva mwenyewe. Kitabu kizima kimejengwa ili kifike pale. Ukikiacha nusu, umefundisha kinyume chake.

Utaratibu tunaoupendekeza ni vikao sita, sura tatu kila kikao, dakika 70. Ubaoni chora mistari miwili ya wakati, mmoja wa 1985 na mmoja wa 2008, kwa sababu wasomaji wapya huchanganya miaka na kudhani Nya ni dada wa Salva. Mpe msomaji mmoja vipande vyote vya Nya, mwingine asome Salva, ili masikio yatofautishe. Kikao cha mauaji ya mjomba ongeza dakika 20, na umalizie kwa kipande cha Nya kinachofuata. Udhaifu wake ni sura za Marekani, ambazo zinakwenda mbio mno. Miaka mingi ya ugeni na upweke imebanwa kwenye kurasa chache, na kijana anayesubiri kuhamishiwa nchi nyingine anaweza kudhani huko mambo hujinyoosha yenyewe. Lisemeni hilo waziwazi. Umri: miaka 11 na kuendelea.

Cha tatu ni kizito: Girl Soldier, cha mwaka 2007, cha Grace Akallo na Faith McDonnell. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Oktoba 1996 waasi wa LRA, kundi la Joseph Kony, waliingia shule ya St. Mary's College Aboke, kaskazini mwa Uganda, na kuteka wasichana 139. Sista Rachele Fassera, Mwitaliano, aliwafuata porini pamoja na mwalimu mmoja, akarudi na wasichana 109. Waasi wakabaki na 30, na Grace alikuwa mmoja wao. Alipelekwa Sudan, akapewa bunduki, akatoroka baada ya miezi saba, akarudi shule.

Watu wengi wanaoijua Aboke wanaijua kupitia Sista Rachele, na anastahili heshima yote anayopewa. Faida ya kitabu hiki ni kwamba kinaanzia pale ambapo yeye hakuweza kufika, kwa wale 30. Tatizo lake ni mpangilio. Sura za Grace zinapishana na za McDonnell, ambaye anaeleza historia ya vita na kuwaita wasomaji Wakristo wa Marekani waombe na wachukue hatua. Msomaji ametumbukia kwenye kiu na hofu ya Grace, mara ukurasa unageuka na kumpeleka kwenye historia na mahubiri. Someni sura za Grace zote kwanza, mfululizo. Za McDonnell zisomwe baadaye na anayetaka, zikiwa maelezo ya ziada. Kama kilabu kina Waislamu na Wakristo, waambieni mapema kitabu kiliandikwa kwa ajili ya nani.

Humu kuna mauaji na unyanyasaji wa kingono. Miaka 16 kwenda juu, na kisisomwe kwa sauti. Kila mtu asome kwa macho, nyumbani au kwenye kona yake, kisha mkutane kujadili. Wala asitokee mwongozaji wa kuuliza nani kati yenu amepitia haya. Swali hilo linamvua mtu nguo mbele za watu. Ulizeni kuhusu Grace: hapa alikuwa na njia ngapi, akachagua ipi, kwa nini? Mwenye jambo lake atalileta mwenyewe, au hatalileta, na yote mawili ni haki yake. Kwa Acholi na Lango, maeneo yaliyopitiwa na vita hivyo, muwe na mtu wa kumwona baada ya kikao, mshauri au muuguzi, aliyeambiwa mapema kwamba kitabu hiki kinasomwa wiki hiyo.

Watu wazima wanaotaka kwenda mbali zaidi watafute I Am Evelyn Amony, cha mwaka 2015. Evelyn alitekwa akiwa hajafikisha miaka 12, akakaa porini miaka kama 11, akalazimishwa kuwa mke wa Kony. Sehemu inayotugusa ni ya kurudi nyumbani na watoto, na jinsi jamii inavyompokea. Si cha vilabu vya shule.

Cha nne mnakijua, shajara ya Anne Frank, msichana Myahudi aliyejificha asikamatwe na Wanazi, kwa hiyo tutakuwa wafupi. Alianza kuiandika Juni 1942 alipotimiza miaka 13, wakaingia mafichoni Amsterdam tarehe 6 Julai, watu wanane mwishowe, na mchana hawakuweza hata kuvuta maji ya choo kwa sababu wafanyakazi walikuwa chini. Usikose jambo hili: Machi 1944 alisikia redioni waziri wa Uholanzi aliyekuwa uhamishoni akisema shajara za wakati wa vita zitakusanywa, akaanza kuandika upya kazi yake yote. Huyo ni mwandishi anayehariri akiwa amejificha. Ingizo la mwisho ni la tarehe 1 Agosti 1944, na walikamatwa tarehe 4, kwa hiyo kukamatwa na kifo chake katika kambi ya Wanazi ya Bergen-Belsen mwaka 1945 havimo ndani ya shajara. Vijana hufika mwisho wakadhani kurasa zimechanika. Someni maelezo ya mwisho ya kitabu pamoja nao, siku ileile.

Mkienda kununua, angalieni haya. Kwa Anne Frank, chukueni toleo kamili la miaka ya 1990, lenye takriban theluthi moja zaidi ya lile la kwanza la 1947 ambalo baba yake, Otto, alilipunguza. Kwa Salva, epukeni fotokopi hafifu: vipande vya Nya vimechapwa kwa herufi tofauti, na kopi mbaya hufifisha tofauti hiyo. Hesabuni sura hadi 18 kabla ya kulipa. Na kwa kilabu cha watu 12 si lazima nakala 12. Nakala nne za kitabu cha Salva zinatosha, watatu watatu kwa nakala, kwa sababu kinasomeka kwa sauti. Cha Grace ndicho msichangie: kama fedha hazitoshi kila mtu awe na nakala yake, kiazimwe kwa zamu ya wiki moja moja, na majadiliano yasubiri hadi wa mwisho amalize.