Tandiko la Kizimba cha Mjusi Mwenye Ndevu: Lipi Linunuliwe, Lipi Liachwe Dukani

Anayejiandaa kumfuga mjusi mwenye ndevu hutumia siku nyingi akilinganisha taa na vizimba, kisha tandiko la sakafuni hulinunua mwisho kabisa, kwa kuangalia picha iliyo kwenye mfuko. Picha yenyewe huwa ni ya mchanga mwekundu, na mnunuzi hutoka dukani akiamini amempatia mnyama wake jangwa alilotoka. Ni kweli kwamba Pogona vitticeps, ambaye ndiye anayefugwa zaidi, asili yake ni nyanda kame za ndani ya Australia. Lakini huko mara nyingi hukanyaga udongo ulioshikamana, wenye mchanga na mawe ndani yake, na saa nyingi za mchana huwa amekwea kigogo, jiwe au nguzo ya uzio akiota jua. Mchanga mkavu unaotitia hadi tumbo likaburuzika ni jambo jingine.

Hofu kubwa ya wafugaji ni kuziba kwa utumbo. Mjusi huyu hunasa windo kwa ulimi wenye ute, na chochote kilichogusana na ulimi huo humezwa pamoja na nyenje. Hata hivyo, si haki kulilaumu tandiko peke yake. Mjusi mzima mwenye afya, anayepata joto la nyuzi 38 hadi 42 mahali pa kuotea, miale ya UVB (ile ya urujuanimno iliyomo kwenye jua, ambayo kizimbani hutoka kwenye taa maalumu), maji ya kutosha na mawindo yasiyozidi upana wa nafasi iliyo kati ya macho yake, kwa kawaida huzitoa chembe chache alizomeza bila taabu. Akikosa joto au kalsiamu, utumbo hulegea, na hapo hata chakula chenyewe kinaweza kukwama. Kwa hiyo mpangilio ufuatao unamlenga mnunuzi ambaye bado hajawa na uhakika na taa zake, na huyo ndiye mnunuzi wa kawaida.

Nafasi ya kwanza naipa vigae vya sakafu, vya kauri au vya mawe bapa. Haviliwi, havinyonyi mkojo, hufutwa kwa dakika mbili, na huhifadhi joto la taa kiasi kwamba tumbo la mjusi hupata joto kutoka chini. Kosa linalofanyika mara nyingi ni kununua kigae king'aavu kwa sababu ni kizuri machoni. Kabla ya kulipa, pitisha ukucha wa kidole gumba juu yake: ukiteleza bila kukwaruza chochote, mjusi naye atateleza, na mguu unaotapatapa kutafuta pa kushika haumfai mnyama anayekua. Uso wenye mkwaruzo humpa mshiko na husaidia kupunguza kucha. Vikatwe kwa vipimo vya kizimba vibanane vizuri, kwa kuwa nyenje huingia kwenye kila ufa na usiku hutoka kumng'ata mjusi aliyelala. Nunua viwili au vitatu vya ziada ili kilichochafuka kitolewe na kingine kiingie papo hapo.

Upungufu wa vigae ni mmoja, nao ni mzito: havichimbiki. Kwa dume, boksi la udongo pembeni ni starehe tu. Kwa jike ni lazima. Jike aliyekomaa anaweza kutaga mayai yasiyo na mbegu hata kama hajawahi kukutana na dume, na akikosa udongo wenye unyevunyevu wa kina cha sentimita 20 hadi 30 anaweza kuyazuia mayai tumboni, hali inayoweza kumuua.

Nafasi ya pili ni mchanganyiko wa udongo na mchanga, na naungama kwamba ndio unaopendeza zaidi kuutazama, kwa sababu mjusi hubadilika tabia: huchimba, hujisawazishia kitanda, huingia chini ya jiwe jioni. Ni kwa mjusi mzima na mfugaji aliyekwisha kuzoea. Kipimo cha kuanzia ni sehemu 6 za udongo wa juu kwa sehemu 4 za mchanga uliooshwa. Udongo usiwe na mbolea, dawa ya wadudu wala zile punje nyeupe nyepesi zinazowekwa kwenye udongo wa maua. Uloweshe, ushindilie kwa kiganja, kisha uuache ukauke kwa siku kadhaa taa zikiwaka kabla mjusi hajaingia. Ili kuujua ubora wake, finyanga tonge dogo na uliache likauke: likivunjika vipande linafaa, likimumunyuka kuwa unga ongeza udongo wa mfinyanzi. Piga hesabu ya uzito pia. Kizimba cha sentimita 120 kwa 60, kikijazwa kina cha sentimita 10, kinabeba lita 72, na hizo zinaweza kukaribia kilo 100. Meza ya kawaida haikuundwa kwa mzigo huo.

Karatasi, ziwe za magazeti au za kufutia jikoni, nimeziweka ya tatu kwa sababu ya sura yake tu. Kwa mwezi wa kwanza wa mjusi yeyote mpya ndizo zinazostahili kutangulia. Juu ya karatasi nyeupe kinyesi husomeka wazi: sehemu ya kahawia ikiwa imeshikamana na ile nyeupe ikiwa laini, mambo yako sawa, ile nyeupe ikigeuka njano na kukauka kama chokaa, huenda hanywi maji ya kutosha. Kinyesi chenye majimaji na harufu kali kipelekwe kwa daktari wa wanyama apime minyoo na koksidia, yaani vijidudu vinavyoishi utumboni.

Zulia la reptilia linauzwa sana, nami silipendi. Kucha hunasa kwenye vitanzi vya nyuzi na kung'oka, na bakteria wa salmonella hujificha mahali ambapo brashi haifiki.

Vilivyobaki viachwe dukani. Mchanga wa kalsiamu ndio unaodanganya zaidi, kwa kuwa hutangazwa kwamba humeng'enyeka. Mjusi huvutiwa kuulamba, nao ukizidi hupunguza asidi ya tumboni na kuganda. Maganda ya jozi yaliyosagwa yana ncha kali, magunzi ya mahindi huvimba na kuota ukungu, na maranda ya mierezi hutoa mafuta yanayochoma mapafu. Unga wa makumbi ya nazi ukiwa peke yake hutimua vumbi unapokauka, na ukiloweshwa hupandisha unyevu wa hewa kupita asilimia 30 hadi 40 inayomfaa. Plastiki yenye gundi mgongoni isiwekwe chini ya taa ya joto kamwe.

Anayehama kutoka karatasi kwenda udongo amwangalie mjusi wiki mbili za mwanzo. Kulamba hapa na pale ni namna yake ya kupima mahali. Akianza kumeza udongo kwa makusudi, arudishwe kwenye karatasi siku hiyohiyo, na kalsiamu pamoja na umri wa taa ya UVB vikaguliwe kabla ya kujaribu tena.