Katuni ya Gillray "Metallic-Tractors": kuipakua na kuichapisha A3

Nimeipakua katuni hii ya mwaka 1801 kwenye tovuti ya Wellcome Collection ya London, bure, nikaichapisha kwa ajili ya kufundishia. Picha naipa nyota tano. Kwa somo la matapeli wa tiba sijaona inayoizidi.

James Gillray, mchora katuni wa Uingereza, amechora tapeli akimchokoa puani mteja mnene kwa kijiti cha chuma, moto unaruka. Vijiti hivyo vya tiba ndivyo "metallic tractors" wa kwenye jina la katuni. Mezani bakuli la pombe linafuka mvuke, pembeni kuna sukari na limau, kwa hiyo wekundu wa pua ile hauhitaji daktari kuueleza. Utamu wenyewe uko kwenye gazeti lililowekwa hapo mezani: tangazo linaahidi kuponya pua nyekundu, jongo, miguu iliyovunjika, mpaka vibyongo.

Vijiti hivi viliuzwa kweli. Elisha Perkins wa Marekani alivipatia hataza mwaka 1796, na mwanawe Benjamin akaviuza London kwa gini 5 (sarafu ya dhahabu ya zamani ya Uingereza) jozi moja. Mwaka 1799, mjini Bath, Uingereza, daktari John Haygarth alitengeneza vya mbao akavipaka rangi vifanane na chuma. Kati ya wagonjwa 5, wanne walisema wamepata nafuu; kesho yake vya chuma vikaleta matokeo yaleyale. Ukiitundika picha bila maelezo haya, nusu ya nguvu yake imepotea.

Sasa kuchapisha. Pakua ukubwa kamili, usichukue ile ndogo: A3 safi inataka kama pikseli 4961 kwa 3508. Ukimtumia mtu wa steshenari kwa WhatsApp, itume kama faili, maana ikienda kama picha inabanwa na tangazo la gazeti linageuka ukungu. Mwambie asijaze ukurasa, kwa sababu kingo zikikatwa kichwa cha katuni na jina la mchapishaji vinaondoka. Mwambie pia azime sehemu ya printa inayoboresha rangi yenyewe. Ikiwashwa, umanjano wa karatasi ya zamani unafutika na mistari inakuwa mikali mno. Karatasi ya kung'aa inarudisha mwanga wa taa machoni, bora manila isiyong'aa ya gramu 200.

Rangi zisikutie shaka zikitofautiana na nakala ya British Museum, kwani zilipakwa kwa mkono nakala moja moja. Ila picha za makumbusho hayo haziruhusiwi kwa biashara. A4 msihangaike nayo, gazeti halisomeki.