Kuunganisha waya za S7-1200: kwa nini nachagua DC/DC/DC

Mafundi wenzangu, karibuni. Hapa mezani ninayo CPU 1214C ya Siemens, familia ya S7-1200, kizazi cha kwanza. Ni PLC, yaani kompyuta ndogo ya kuendeshea mashine. Leo programu tunaiacha kando. Nataka tuziangalie terminali zake, yaani sehemu za kufungia waya: inputi za kupokea ishara huku juu na autiputi za kutoa amri huku chini, kwa sababu ukishaelewa terminali ndipo unajua ununue ipi.

Soma maandishi ya usoni kwanza. Hii imeandikwa DC/DC/DC. Neno la kwanza ni umeme unaoiwasha, la pili ni inputi, la tatu ni autiputi; DC hapo mwisho maana yake autiputi za transista. Nduguye ameandikwa AC/DC/Rly: anawaka kwa umeme wa AC wa volti 85 mpaka 264, inputi zake ni za volti 24 vilevile, ila autiputi zake ni relei, swichi zinazofungwa kwa sumaku ya koili. Wengi hukimbilia hiyo ya relei wakiamini inabeba kila kitu. Mimi nasema chukua ya transista, na relei uziweke nje. Nitaeleza.

Tuanze na inputi. Ziko 14, na zote zinatumia komoni moja, yaani terminali ya pamoja ya kurudishia umeme, hii hapa iliyoandikwa 1M. Ukiunganisha 1M kwenye hasi ya pawa saplai, inputi zinataka chanya ije kutoka kwenye sensa, yaani unatumia sensa za PNP, zinazotoa chanya. Ukiunganisha 1M kwenye chanya, unatumia NPN, zinazotoa hasi. Uhuru huo naupenda sana, hasa unapofufua mashine ya zamani iliyojaa sensa ambazo hutaki kuzibadilisha. Lakini sikia vizuri: komoni ni moja kwa zote 14. Huwezi kuchanganya PNP na NPN kwenye CPU hii. Ukilazimika, ongeza moduli. SM 1221 yenye inputi 16 imegawanywa makundi 4, kila kundi na komoni yake.

Sensa ya nyaya tatu haina fumbo. Kahawia ni chanya, bluu ni hasi, nyeusi ndiyo ishara inayokwenda kwenye inputi. Zinazotaka uangalifu ni zile za nyaya mbili. Hizo hupitisha mkondo kidogo hata zikiwa zimezima, kwa sababu nazo zinahitaji umeme wa kuishi. Inputi hii inahesabu sifuri ikiwa volti haizidi 5 kwa miliampea 1, na inahesabu moja kuanzia volti 15 kwa miliampea 2.5. Katikati hapo hakuna ahadi. Sensa inayovuja zaidi ya miliampea 1 inaweza kuiacha inputi ikiyumba, na wewe utakesha ukitafuta kosa kwenye programu. Soma karatasi ya sensa kabla hujainunua.

Jambo jingine ni kichujio, yaani muda ambao ishara lazima idumu ndipo inputi iikubali. Kiwandani inputi zimewekewa milisekunde 6.4, na kwa vitufe hiyo ni nzuri kabisa. Ukifunga enkoda, ile sensa inayotoa mapigo mhimili ukizunguka, punguza. Inputi sita za mwanzo zinaweza kuhesabu mpaka kilohezi 100, lakini ukiacha kichujio kilivyo utaishia kama hezi 78 tu. Waya ziko sawa, enkoda ni nzima, hesabu inapotea.

Pembeni ya 1M kuna L+ na M za kulishia sensa, miliampea 400. Inputi zote 14 zikiwaka zinakula kama 56, hivyo sensa zinabaki na nafasi ya kutosha. Ila usiiunganishe sambamba na pawa saplai ya nje. Hasi zinaweza kukutana, chanya ziache kila moja na njia yake.

Sasa autiputi, hapa ndipo penye uamuzi. Ya transista inatoa chanya, nusu ampea kwa kila moja, na lazima uilishe mwenyewe kwenye 3L+ na 3M. Ukisahau kuilisha, taa ya autiputi inaweza kuwaka na mzigo usifanye lolote. Ya relei inabeba ampea 2, volti 5 mpaka 250 za AC. Inavutia, sivyo? Lakini kontakti zake zinachakaa: kwa mzigo kamili zinahesabiwa kama mizunguko 100,000. Vali inayopiga kila sekunde 2 inaimaliza hesabu hiyo ndani ya siku tatu. Relei ikiganda ndani ya CPU, unabadilisha CPU nzima. Relei ndogo ya nje, ile ya kuchomeka kwenye soketi, unaing'oa na kuweka nyingine huku mashine ikisubiri dakika chache. Hiyo ndiyo sababu yangu kubwa. Na ukitaka kuendesha mota ya hatua kwa mapigo, ya transista inafika kilohezi 100. Relei haiwezi kabisa.

Lawama ninayo pia. Autiputi hizi za transista hazina kinga ya kuzidiwa mzigo. Waya ukigusa hasi, transista inakufa. Kwa hiyo weka fyuzi, na kwa vali muhimu weka fyuzi yake peke yake. Kila koili ya DC ifungie daiodi ya kumeza mshtuko wa umeme koili inapozimwa, 1N4007 inatosha kwa koili ndogo za relei, mstari wake ukitazama chanya. Koili ya AC ifungie kapasita na rezista, au varista. Funga pale pale kwenye koili, si mwisho wa kebo ndefu.

Kitufe cha kusimamisha kiwe cha NC, yaani kinachopitisha umeme kikiwa hakijabonyezwa, ili waya ukikatika mashine isimame. Na kitufe cha dharura, nawasihi sana, kikate chenyewe umeme wa kontakta, ile swichi kubwa inayowasha mota, kupitia relei ya usalama. Inputi ipewe taarifa tu. CPU hii si ya usalama, na programu haiokoi mkono wa mtu. Vivyo hivyo kontakta mbili za kugeuza mota: zizuiane kwa waya, hata kama umeshazizuia ndani ya programu.

Terminali zinachomoka kipande kizima pamoja na waya zake, hivyo kubadilisha CPU hakukulazimishi kufungua skrubu hata moja. Nyuzi za waya zibane kwa kikofia chake kabla ya kuziingiza.

Siku ya kuwasha, acha 3L+ bila umeme kwanza. Gusa sensa moja moja, tazama taa yake. Kisha lisha autiputi huku umeme mkuu wa mota umezimwa, washa moja moja kutoka kwenye kompyuta, sikiliza kontakta. Kama mashine yako ina sensa za NPN na PNP pamoja, niandikieni kwenye maoni sensa zipi ziko wapi, nitawachorea mchoro wake kwenye video ijayo.